Kununua Presi Iliyotumika: Mwongozo kwa Watu wa Lushoto

Presi ni mashine ya kazi moja. Ya alizeti hukamua alizeti, ya tofali hufyatua tofali, ya katani hufunga robota za katani, basi. Ndiyo maana ikishatumika bei yake hushuka haraka kuliko ya pikipiki au trekta: wanaoitafuta ni wachache, na mwenye nayo akiacha kazi ile hana pengine pa kuipeleka. Kwa kikundi cha Mlalo au Bumbuli chenye mtaji wa kuungaunga, hapo pana nafasi ya kweli ya kupata chuma kizito kwa fedha isiyotosha kununua mashine mpya. Lakini sababu hiyo hiyo inayoishusha bei leo ndiyo itakayokusumbua kesho. Kipuri cha pikipiki utakipata hata sokoni Lukozi. Skrubu ya presi ya mafuta iliyotengenezwa Ujerumani au India miaka 30 iliyopita haiuzwi dukani, inachongwa.

Kwa hiyo kabla ya kuuliza bei, uliza nani ataitengeneza, yuko wapi, na atahitaji nini. Mengine yote nitakayoyasema hapa yanaegemea swali hilo.

Usambara haikuanza leo kuona presi. Tambarare, kuanzia Mombo kwenda Korogwe, mashamba ya katani yamefunga singa kwa robota za kilo 250 kwa vizazi kadhaa. Vuga, karibu na Soni, Walutheri walikuwa na mitambo yao ya uchapaji. Siku hizi zinazotafutwa mlimani ni za aina nne: za kukamua mafuta (ya alizeti inayotoka tambarare, ya parachichi, ya makadamia kama zile zinazolimwa Sakharani), za tofali za kufungamana, za mkaa mbadala unaotokana na vumbi la mbao la Shume, na za juisi ya plamsi na peasi. Nitakaa zaidi kwenye mafuta na haidroliki, kwa sababu huko ndiko fedha nyingi hupotea.

Pima malighafi kabla ya mashine

Watu wengi hununua presi kubwa kwa kuwa ilipatikana kwa bei nzuri. Fanya hesabu kwanza. Presi inayokula kilo 100 za alizeti kwa saa, ikifanya kazi saa 8, inataka kilo 800 kwa siku. Ukiendesha siku 200 kwa mwaka, hizo ni tani 160. Lushoto hailimi alizeti ya kiasi hicho, kwa hiyo utainunua Handeni, Kilindi au Singida na kuipandisha mlimani, kisha uyashushe mafuta kuyatafutia soko. Kwa hesabu hiyo presi ya namna hiyo mahali pake ni Mombo, na kikundi cha Soni kinaweza kuimiliki bila kuihamishia Soni. Presi ya juisi nayo ina hesabu yake, kwa sababu plamsi na peasi ni matunda ya msimu wa miezi michache. Miezi iliyobaki mashine imekaa, na deni halikai.

Kama mzigo wako ni magunia machache kwa wiki, usidharau presi ya mkono. Katikati ya miaka ya 1980 Mmarekani Carl Bielenberg alibuni Arusha presi yenye pistoni na mpini mrefu, iliyokusudiwa wakamuaji wadogo wa alizeti vijijini, ikaenea hadi nje ya Tanzania. Haina giaboksi wala haihitaji umeme. Inataka alizeti ya ganda laini yenye mafuta mengi. Ya ganda gumu itawachosha vijana wako bure. Sehemu zinazolika ni pistoni na kichujio, na mkerezaji yeyote mwenye mashine ya leth anaweza kuvitengeneza. Kwa kikundi kinachoanza, mimi ningechagua hii kuliko presi ya mota yenye giaboksi isiyojulikana asili yake.

Fundi kwanza, muuzaji baadaye

Kabla hujaenda kuiona mashine, nenda kwa mkerezaji. Mtafute aliye karibu nawe, iwe Lushoto mjini, Mombo, Korogwe au Tanga. Mwonyeshe picha za sehemu zinazofanya kazi ngumu na vipimo vyake, umuulize mambo mawili: anaweza kukereza urefu huo, na chuma chake atakipata wapi. Leth nyingi za mitaani ni fupi, na shafti ya presi kubwa haiingii. SIDO, shirika la viwanda vidogo lililoanzishwa mwaka 1973, lina ofisi Tanga, na ni mahali pazuri pa kuuliza nani katika mkoa ana mashine ya kiasi gani. Arusha kuna TEMDO na CAMARTEC, taasisi za umma ambazo kazi yao ni kubuni na kutengeneza mashine za aina hii. Fundi akikuambia hawezi, mshukuru, maana amekuokolea fedha.

Siku ya kwenda kuiona mashine, mchukue fundi huyo na umlipe siku yake. Asiwe fundi aliyeletwa na muuzaji, hata kama ni ndugu yako. Beba vanieri, futi, sumaku ndogo, tochi, mafuta ya taa, chaki, mtaimbo, na magunia mawili au matatu ya malighafi yako mwenyewe.

Mashine ikiwa imezimwa

Rangi mpya ikutie shaka. Fremu nyingi za presi za zamani ni chuma cha kusubu, na chuma cha kusubu kikipasuka hakichomelewi kirahisi. Mwenye haraka hukijaza na kukipaka rangi. Chagua sehemu zinazobeba nguvu: kona za fremu, shingo inaposhikia silinda, mahali bolti kubwa zinapoingia. Kwangua rangi kidogo, paka mafuta ya taa, subiri dakika chache, futa hadi pakauke, kisha sugua chaki. Kama kuna ufa, mafuta ya taa yaliyojificha ndani yatatoka na kuchora mstari mweusi juu ya weupe wa chaki. Kipimo hicho hakigharimu chochote, na muuzaji mwaminifu hatakikataa.

Kwa presi ya skrubu, kifunguliwe kizimba kinachoizunguka skrubu. Muuzaji asipokubali kufungua, safari yako imeishia hapo. Usipoteze muda kwenye upande wa kulishia mbegu. Pale skrubu huwa nzima mara nyingi. Angalia upande wa mwisho, karibu na koni inapotokea mashudu, maana shinikizo kubwa liko huko na chuma huanza kulika huko. Ukingo wa skrubu nzima una kona kali. Uliolika kona yake imeviringika na kung'aa, na mara nyingine una mikwaruzo mirefu ya mchanga ulioingia na mbegu zisizopepetwa. Pima kwa vanieri. Presi ndogo za Kichina zilizojaa nchini zina namba kama 6YL-80, 6YL-95 au 6YL-100, na namba ile ya mwisho ni kipenyo cha skrubu kwa milimita. Sahani ikisema 95 na vanieri yako ikasoma 92 karibu na koni, umeshapata hoja ya kupunguziwa bei.

Skrubu iliyolika haijafa. Fundi huijaza kwa kuchomelea elektrodi ngumu, kisha huisaga kurudi kwenye kipimo. Uliza imejazwa mara ngapi. Iliyojazwa mara nyingi huanza kupata nyufa za mviringo chini ya jino, na hizo ndizo huikata skrubu katikati ya kazi. Tazama na vipande vya chuma vinavyozunguka skrubu, ambavyo mafuta hupita katikati yake: nafasi zikiwa zimepanuka, mafuta yatatoka na unga mwingi, na utahangaika kuyachuja.

Kisha ingiza mtaimbo nyuma ya shafti na uisukume mbele na nyuma. Ikicheza, beringi ya nyuma inayobeba msukumo wote wa skrubu imekwisha. Mwisho fungua mfuniko wa giaboksi, chovya sumaku kwenye oili. Unga mwembamba wa chuma ni uchakavu wa kawaida. Vipande vyenye ncha ni meno yaliyovunjika. Oili yenye rangi ya maziwa imeingia maji, jambo la kawaida kwa mashine iliyokaa mahali penye ukungu kama kwetu.

Haidroliki: mfanye muuzaji athibitishe tani zake

Presi za haidroliki huuzwa kwa tani. "Hii ni ya tani 100," atakuambia, na sahani ilishang'oka zamani. Unaweza kuhakiki mwenyewe. Pima kipenyo cha pistoni kwa sentimita, gawanya kwa mbili, zidisha jibu kwa lenyewe, zidisha tena kwa 3.14: umepata eneo kwa sentimita za mraba. Zidisha eneo hilo kwa shinikizo ambalo pampu inafikia kwa kusoma geji ya ba (kipimo cha shinikizo), na jibu ni takriban kilo za nguvu. Pistoni ya sentimita 20 ina eneo la sentimita za mraba 314. Kwenye ba 200 hutoa karibu tani 64. Ili itoe tani 100 inahitaji ba zaidi ya 300, na pampu nyingi za zamani hazifiki huko salama. Pima pistoni yenyewe, usipime fimbo inayotokeza nje, maana mara nyingi fimbo ni nyembamba kuliko pistoni.

Geji nayo iwe nzima. Mshale usiorudi sifuri baada ya shinikizo kuachiliwa unadanganya. Beba geji yako kama unayo. Ifikishe presi kwenye shinikizo la kazi, zima pampu, tazama saa kwa dakika 10. Mshale ukishuka polepole, mpira wa pistoni au valvu imechoka. Ni ukarabati wa kawaida. Ukiporomoka, fungua silinda kabla ya kuzungumza bei, kwa sababu kuta za silinda zilizochimbika kwa kutu haziponi kwa kubadilisha mpira.

Na tafadhali sana: usitafute mvujo wa haidroliki kwa mkono. Oili inayotoka kwenye tundu dogo kwa shinikizo la juu hupenya ngozi bila hata kuuma sana, na mtu anaweza kukatwa kidole au mkono kwa kuchelewa hospitali. Pitisha kipande cha katoni. Ukimwona muuzaji anapapasa bomba kwa kiganja, mzuie.

Jambo la mwisho hapa ni unyoofu. Weka vidonge vinne vya udongo laini vya ukubwa sawa kwenye kona nne za sahani ya chini, shusha presi polepole hadi vibonyee, inua, kisha pima unene wa kila kimoja. Tofauti ikiwa kubwa, nguzo zimepinda au bushi zimekwisha, na mashine hiyo itakula mpira wa silinda kila mwezi.

Iwashwe, na ikamue mbegu zako

Mashine isiyoweza kuwashwa mbele yako inunuliwe kwa bei ya chuma chakavu, hata historia yake ikiwa nzuri kiasi gani. Inayowashwa, ilishe mbegu zako. Presi ya skrubu ikiwa baridi haikamui vizuri. Iache ipate moto kama nusu saa kabla ya kuhukumu. Kisha pima kila kitu kwa mizani: kilo zilizoingia, kilo za mafuta, kilo za mashudu. Mashudu mazuri hutoka kama maganda membamba makavu yanayovunjika kwa mlio. Yabane ndani ya karatasi; doa likisambaa mara moja, mafuta bado yamo.

Tofauti hiyo ina thamani kuliko wengi wanavyodhani. Presi ndogo iliyo sawa huacha takriban asilimia 8 hadi 12 ya mafuta kwenye mashudu. Chukua alizeti nzuri yenye asilimia 40 ya mafuta: presi inayoacha asilimia 15 badala ya 10 inakunyima karibu kilo 4 za mafuta katika kila kilo 100 za mbegu. Ukikamua tani 20 kwa msimu, umeacha kilo 800 za mafuta ndani ya chakula cha ng'ombe. Linganisha kiasi hicho na punguzo ulilopewa.

Kumbuka pia kuwa mbegu zilizojaribiwa Dodoma kwenye joto si zile utakazokamua Lushoto mwezi wa Julai. Mbegu baridi zenye unyevu hukamuka vibaya. Zianike vizuri, na kama huna jua, tafuta namna ya kuzipasha moto kabla ya kulisha.

Ilikamua nini kabla yako?

Hili naliweka peke yake kwa sababu linahusu maisha ya watu. Miaka ya 2000, mbono kaburi ulipovuma kama mmea wa mafuta ya dizeli, makampuni yaliingia Kisarawe na Kilwa, na Arusha mbegu zake zilikamuliwa. Miradi mingi ilikufa, na presi hubaki miradi ikifa. Mbono kaburi una sumu. Nyonyo nayo mbegu zake zina risini, sumu kali inayobaki kwenye mashudu. Presi iliyokamua mbegu hizo ina mabaki ndani ya kizimba, kwenye nyufa na chini ya vipande vya chuma, mahali ambapo kuosha kwa maji ya moto hakufiki.

Uliza kwa uwazi ilikamua nini, na andika jibu kwenye hati ya mauziano. Nusa kizimba. Tazama ghala la muuzaji: maganda na mbegu za zamani zilizodondoka pembeni huhadithia zaidi ya mwenyewe. Ukigundua ilikamua nyonyo au mbono, usiinunue kwa ajili ya chakula cha watu wala kwa mashudu ya mifugo. Tangu Julai 2019 usimamizi wa usalama wa chakula uko TBS, shirika la viwango, na utakapoomba kusajili jengo na bidhaa yako utaulizwa kuhusu vifaa. Kuta za ndani za presi zinazogusa mafuta zisiwe na rangi wala zinki.

Kwa presi ya juisi maneno ni machache. Asidi ya plamsi hula chuma cha kawaida na zinki, kwa hiyo kila kinachogusa juisi kiwe chuma kisichoshika kutu. Sumaku yako itasaidia: chuma bora cha vyombo vya chakula kwa kawaida hakivutwi, au huvutwa kidogo sana. Ikinata kwa nguvu, kwangua mahali pa siri uone kama si chuma cha kawaida kilichopakwa kromu. Vitambaa vya kukamulia nunua vipya.

Tofali na mkaa mbadala

Presi ya tofali ya mkono ina ukoo wa heshima. Mama yake, CINVA-Ram, ilibuniwa Bogotá, Colombia, miaka ya 1950. Kwetu zimeenea zile za tofali za kufungamana zilizohimizwa na Wakala wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi. Kinachokwisha ni kalibu, kwa sababu udongo wenye mchanga husaga kuta zake. Fyatua tofali 20 mfululizo kwa mchanganyiko ule ule, pima kimo cha la kwanza, la kumi na la ishirini, kisha jaribu kuzipandanisha bila udongo katikati. Zikiyumba, kalibu imelika, na tofali za kufungamana zisizofungamana ni hasara tupu, maana faida yake yote ni kuokoa saruji ya kujengea. Udongo mwekundu wa Usambara mara nyingi una mfinyanzi mwingi. Usiilaumu mashine kwa nyufa zinazotokana na kukosa mchanga. Jaribu udongo wako kwanza.

Vumbi la mbao ni suala lingine. Shume, penye shamba la miti la Serikali na viwanda vya kupasua mbao, malighafi ipo, na kila kipande cha mkaa mbadala hupunguza ukataji wa miti ya asili kwenye msitu wa Magamba. Natamani kazi hii istawi. Ila presi za skrubu za vumbi la mbao hula ncha ya skrubu vibaya sana. Kulika baada ya saa chache za kazi ni jambo la kawaida, na wanaozimudu huwa na skrubu tatu au nne zinazozunguka kati ya mashine na fundi mchomeleaji. Muuzaji akikuuzia na skrubu moja, hesabu gharama ya nyingine mbili ndani ya bei. Vumbi nalo liwe kavu. Lenye unyevu hutengeneza mvuke ndani na kurusha kipande nje kwa kishindo.

Karatasi

Mali bila daftari hupotea bila habari. Presi nyingi zilizoko vijijini zililetwa na wafadhili kwa ajili ya kikundi, na anayekuuzia ni mwanachama mmoja aliyebaki na funguo. Omba muhtasari wa mkutano wenye sahihi za wanachama unaoruhusu mauzo, na katiba ya kikundi. Kama ilinunuliwa kwa mkopo wa halmashauri, ule unaotengwa kwa wanawake asilimia 4, vijana 4 na watu wenye ulemavu 2, pata uthibitisho wa maandishi kutoka kwa afisa maendeleo ya jamii kwamba deni limekwisha. Mashine iliyochukuliwa kwa kampuni za kukodisha vifaa hubaki mali ya kampuni hadi malipo ya mwisho, na muuzaji aliye kampuni anaweza kuwa ameiweka rehani. BRELA, wanaosajili makampuni, wana kumbukumbu za rehani hizo. Hati ya mauziano itaje namba ya mashine, namba ya mota au injini, kazi iliyokuwa ikifanya, na vipuri vyote vinavyoambatana nayo. Mashahidi wawe wa pande zote mbili, na uongozi wa kijiji au mtaa wa muuzaji uwepo.

Umeme, injini na mwinuko

Mota ya presi kubwa huhitaji umeme wa njia tatu. Usimsikilize anayesema "utafungiwa tu". Nenda ofisi ya TANESCO ujue kama laini inayopita kijijini kwako ina njia tatu na transfoma inabeba kiasi gani. Vijiji vingi vilipata umeme wa njia moja. Kubadilisha mota kuwa ya njia moja kunawezekana kwa presi ndogo tu.

Kwa injini ya dizeli kuna jambo ambalo muuzaji wa tambarare halijui. Mombo iko takriban mita 400 juu ya usawa wa bahari, mji wa Lushoto takriban mita 1,400, na Shume iko juu zaidi. Hewa ikipungua, injini isiyo na tabo hupoteza karibu asilimia 1 ya nguvu kwa kila mita 100 unazopanda. Injini ya hospawa 20 iliyokamua vizuri Mombo itakuwa kama ya 18 Lushoto, itafuka moshi mweusi na kuzima mzigo ukizidi. Kwa hiyo mashine ikiendeshwa kwa shida kule chini, huku juu haitafanya kazi. Tafuta yenye nguvu ya ziada ya robo hivi.

Kuipandisha

Barabara ya Mombo hadi Lushoto kupitia Soni ni ya lami, kilomita zipatazo 33, lakini kona zake zinajulikana. Presi ni nzito juu na nyembamba chini. Ilazwe kama muundo unaruhusu, oili imwagwe yote, mota ifunguliwe isafiri peke yake, na minyororo ifungwe kwenye fremu, kamwe si kwenye shafti wala mabomba. Epuka Masika, Machi hadi Mei, hasa kama mwisho wa safari ni Mtae au Rangwi, njia inapoteleza na kingo kuporomoka. Nafuu ya usafiri ipo: Fuso zinazoshusha kabichi na viazi kwenda Dar es Salaam hurudi na nafasi, na dereva wa Malindi au Lukozi unayemfahamu atakubebea kwa bei ambayo gari la kukodi haliwezi. Kubaliana naye mapema kuhusu kushusha, maana kijijini hakuna kreni. Cheni bloku na miti mitatu imara ya kuitundikia vitahitajika, na watu wanaojua kukaa mbali na mzigo unaoning'inia.

Malipo na wiki za kwanza

Usilipe yote siku moja. Sehemu kubwa ilipwe mashine inapopakiwa, na kiasi cha maana kibaki hadi iwe imefanya kazi kwako kwa siku zilizoandikwa kwenye hati. Muuzaji anayeijua mashine yake atakubali. Anayekataa kabisa, mpunguzie bei kwa kiasi hicho. Katika fedha zako zote, theluthi moja isiguswe na ununuzi. Hiyo ni ya skrubu ya pili, beringi, mikanda, waya na zege la msingi, na itakwisha.

Msingi wa zege uachwe ukomae kabla ya kufunga bolti. Ukiharakisha, presi italegea na kuvunja msingi wenyewe. Weka vizuizi vya wavu kwenye puli na mikanda yote hata kama haikuja navyo, maana Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inavidai, na mikanda hukamata kanga na mikono mirefu ya nguo kabla mtu hajapiga kelele. Baada ya saa chache za kwanza kaza bolti zote upya, kisha rudia baada ya siku kadhaa. Badilisha oili ya giaboksi mapema, ile ya kwanza itakuwa imesafisha uchafu wa miaka. Anza daftari siku ile ile: kilo zilizoingia, mafuta yaliyotoka, saa za kazi, kipuri kilichobadilishwa na kipimo chake. Mafuta yakianza kupungua kwa kila gunia, daftari litakuonyesha skrubu inalika wiki kadhaa kabla ya macho, na utafunga ile ya akiba na kumpelekea mkerezaji iliyolika ukiwa bado unakamua.